Giaboksi ya Datsun 240Z inavuja: kutafuta na kuziba tundu ukiwa Malindi

Niliwahi kushusha giaboksi nzima ya 240Z yangu uani kwangu Maweni kwa kosa la kijinga. Oili ilikuwa ikidondoka pale giaboksi inapokutana na injini, nami nikaamua kwamba sili ya mbele, ule mpira unaozuia oili isitoke shafti inapopita, imekufa. Kazi ilinichukua siku mbili na mgongo. Nikaweka sili mpya, nikapandisha kila kitu, na kesho yake asubuhi doa lilikuwa palepale, ukubwa uleule.

Nikamwita mzee mmoja fundi, ambaye hakushika hata spana. Alizunguka gari mara moja, akaniuliza, "Hili unalilaza kichwa kikielekea wapi?"

"Getini, ami."

"Na geti liko juu au chini?"

Liko chini. Ua wangu una mteremko. Oili ilikuwa inatoka nyuma kabisa, kwenye pinioni ya spidomita, kigia kidogo kinachozungusha waya wa spidomita, kisha usiku inateleza polepole chini ya tumbo la giaboksi mpaka mbele, inadondokea hapo. Dawa yake ilikuwa oringi moja ya mpira, ndogo kama pete ya mtoto. Dakika ishirini.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kutafuta, na utachukua muda hapo kabla ya kufungua chochote. Panapodondokea na panapovujia ni sehemu mbili tofauti, na kwenye giaboksi hii tofauti yake ni siku mbili za kazi.

Gari lenyewe

240Z ilitengenezwa kuanzia mwisho wa 1969 hadi 1973, ikiwa na injini ya L24 ya silinda sita. Kenya tunalijua zaidi kwa vumbi kuliko kwa lami: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akishirikiana na Lofty Drews wakarudia, tena kwa kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Ndiyo maana bado utayakuta machache huku, mengine yakiwa ya watu wanaokuja pwani msimu wa Desemba tu. Gari la namna hiyo likilala miezi minane karibu na bahari, midomo ya sili inakauka na chuma kinachogusana nayo kinaota kutu kwa hewa ya chumvi. Siku likiwashwa, linaanza kulia oili.

Giaboksi zake ni za gia nne au tano, na nyingi zimebadilishwa kwa miaka yote hii, kwa hiyo usishangae kukuta ya gari la baadaye. Mwili wake ni wa alumini, vipande vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Yaliyomo humu yanafaa kwa zote, ila ukinunua spea linganisha na kitu ulichotoa, usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye logibuku.

Kabla hujaingia chini

Huku kwetu ardhi ni mchanga, na jeki hupenda kuzama upande mmoja wakati kichwa chako kiko chini. Tafuta sakafu ya saruji. Kama huna, laza mbao nene na pana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Usithubutu kusimamisha gari juu ya matofali ya matumbawe. Yanabeba ukuta wa nyumba miaka mia, lakini yakibanwa mahali pamoja hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Mbili mbele, mbili nyuma, stendi za chuma, kisha sukuma gari kwa mkono kabla ya kuingia. Likitikisika sasa, afadhali litikisike ukiwa umesimama.

Spana zote ni za milimita. 10, 12, 14 na 17 ndizo zitakazofanya kazi nyingi. Ongeza beseni pana, matambara, brashi, mafuta ya taa, poda ya mtoto, tochi na chaki au rangi ya kuwekea alama.

Ni oili gani hiyo?

Weka katoni safi chini ya gari usiku mmoja. Asubuhi gusa, nusa, tazama. Oili ya gia ni nzito, ya rangi ya asali au kahawia, na ina harufu ya kiberiti inayokaa kidoleni hata ukinawa. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na nyepesi zaidi. Mafuta ya klachi ni mepesi kabisa, karibu na maji, nayo hula rangi ya gari; hayo yanatoka kwenye silinda ndogo ya klachi iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, na hayahusiani na kazi yetu ya leo.

Usipuuze hatua hii. Sili ya nyuma ya krankishafti ya injini na sili ya mbele ya giaboksi zote hutoa mafuta yake kwenye belhausi, ule mdomo mpana unaofunika klachi, na yote hutokea kitundu kimoja cha chini. Ukitazama kwa macho tu, huwezi kuzitofautisha. Pua inaweza.

Safisha, paka poda, endesha

Sugua giaboksi yote kwa brashi na mafuta ya taa, kuanzia belhausi hadi mkiani, juu na chini. Usiipige kwa maji ya presha ya kaoshi, kwani maji yataingia kwenye tundu la kupumulia lililo juu. Ikauke kabisa. Kisha nyunyizia poda ya mtoto kila mahali mkono unapofika: kuzunguka plagi, kwenye maungio ya vipande, kuzunguka waya wa spidomita, swichi ya taa ya rivasi, na mkiani.

Endesha kilomita chache mpaka giaboksi ipate moto. Rudi, ingia chini kabla gari halijapoa, utafute mstari mweusi kwenye poda. Ufuate kwenda juu. Pointi ya juu kabisa iliyolowa ndiyo chanzo, si ile ya chini inayodondosha. Ukiwa mwendoni upepo husukuma oili kwenda nyuma, na ukiegesha mteremkoni oili hufuata mteremko. Ndio maana unatazama mapema.

Kabla ya kulaumu sili yoyote, panda juu utafute tundu la kupumulia. Ni kikofia kidogo juu ya giaboksi, na kazi yake ni kuacha hewa iliyopata moto itoke. Likizibwa na tope na oili iliyoganda, hewa inabanwa ndani na kusukuma oili kupita kwenye sili ambayo ni nzima. Nimeona mtu akibadilisha sili ya nyuma mara tatu kwa mwaka kabla ya mtu kumwonyesha kikofia hicho. Kizungushe kwa vidole, kioshe kwa mafuta ya taa, hakikisha hewa inapita.

Vitu vidogo kwanza

Plagi mbili, ya kujazia ubavuni na ya kumwagia chini, huvuja pale nyuzi zilipochoka au zilipokazwa na mtu mwenye hasira. Sheria moja isiyo na mjadala: fungua plagi ya kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia. Ikigoma baada ya wewe kumwaga oili, una gari lisilo na oili na lisilojazika, na safari yako imeishia hapo. Safisha nyuzi, zungushia tepu nyeupe ya mabomba au paka dawa ya nyuzi, kaza kiasi. Ni chuma kinachoingia kwenye alumini. Nguvu ya Nm 30 hivi inatosha, na ukipitisha utakuwa unatafuta mtu wa kuchonga nyuzi upya.

Swichi ya taa ya rivasi hujifungia ubavuni kwa nyuzi. Ikiwa mzizi wake umelowa, itoe, safisha, paka dawa ya nyuzi, rudisha. Ikiwa oili inatoka katikati, kwenye waya, swichi yenyewe imekufa.

Sasa pinioni ya spidomita, adui yangu wa zamani. Waya wa spidomita unaingia ubavuni karibu na mkia. Fungua nati ya waya kwa mkono au koleo lenye kitambaa. Chini yake kuna kifuko kinachoshikiliwa na kibati na bolti moja. Weka alama ya chaki kuonyesha kilivyokaa, kwa sababu kikigeuzwa pinioni huweza isikae sawa na gia yake. Toa bolti, vuta kwa kuzungusha kidogo kidogo, usipige nyundo. Nje ya kifuko utaona oringi. Ndani yake, pinioni inapopita, kuna sili nyingine ndogo. Badilisha zote mbili hata kama moja inaonekana safi. Oringi iliyokufa huwa ngumu na bapa, imepoteza umbo la mviringo. Ipake oili ya gia kabla ya kurudisha, la sivyo itakatika ikiingia.

Dalili ya sili ya ndani ni ya ajabu kidogo: oili hupanda na waya wa spidomita hadi kwenye dashibodi. Kama sindano inarukaruka na nyuma ya spidomita kuna utelezi, umeshapata jibu bila kuingia chini.

Sehemu ya nne ni fimbo ya gia inapotoka kwenye mwili wa giaboksi. Nayo ina oringi. Ikilowa hapo, panafikiwa kutoka juu baada ya kutoa mkono wa gia na mpira wake ndani ya gari, na wakati mwingine kwa kufungua kipande cha nyuma. Nikikuta inatoa unyevu tu bila matone, huwa naiacha mpaka siku giaboksi itakaposhuka kwa sababu nyingine.

Sili ya nyuma

Hii ndiyo inayovuja zaidi, na habari njema ni kwamba giaboksi haishuki. Mkia wa mbele wa propela (ile shafti ndefu inayopeleka mzunguko nyuma kwenye difu), unaoitwa yoki, huteleza ndani ya giaboksi juu ya meno ya shafti, na mdomo wa sili hukaa juu ya uso laini wa yoki hiyo.

Mwaga oili kwanza. Ukisahau, yoki ikitoka oili yote itakufuata shingoni. Ukishamwaga, bado itabaki kidogo, basi funga mfuko wa plastiki na mpira mdomoni mwa mkia mara tu yoki inapotoka.

Mara nyingi bomba la ekzosi linazuia propela kutoka, hivyo fungua bomba la mbele ulishushe. Bolti zake zimekaa na kutu miaka mingi. Zipake mafuta ya kulegeza kutu jana yake, si leo. Nyuma, weka alama ya rangi kwenye kola ya propela na ya difu, ili zirudi zilivyokuwa. Zisiporudi vile, gari litatetemeka ukipita kilomita themanini kwa saa, nawe utaanza kulaumu matairi. Fungua bolti nne, shusha mwisho wa nyuma, vuta propela kwenda nyuma taratibu.

Sasa ishike yoki mkononi, kwa sababu hapa ndipo kazi inapoamuliwa. Pitisha ukucha kwenye uso laini. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja baada ya mwezi mmoja. Vidoa vidogo vya kutu ya bahari unaweza kuvitoa kwa msasa laini sana wenye maji, ukizungusha kuizunguka yoki na si kwa urefu. Mfereji mzito unahitaji mkono mwembamba wa chuma unaovishwa juu yake, au yoki nyingine. Pia kuna ujanja wa kukubalika: ingiza sili mpya ndani zaidi au nje kidogo, milimita moja au mbili, ili mdomo wake uangukie uso ambao haujaliwa.

Kisha irudishe yoki ndani bila sili, uitikise juu na chini. Kucheza kidogo sana ni kawaida. Ikigonga kwa sauti, bushi ya mkia, yaani bomba fupi linaloishikilia yoki, imekwisha, na hakuna sili duniani itakayozuia oili pale chuma kinaporuka. Kitabu cha kiwanda hushauri kubadilisha kipande chote cha mkia pamoja na bushi yake. Kipande hicho kukipata ni bahati. Mimi nilikwenda kwa mafundi wa kukereza vyuma Shimanzi, Mombasa, wakanitengenezea bushi ya shaba nyeusi kwa kupima yoki yangu. Peleka yoki na kipande cha mkia pamoja. Ukipeleka kimoja, watakadiria.

Kutoa sili ya zamani: tumia bisibisi bapa iliyopindwa ncha, ipenyeze kwenye mdomo wa sili na si kati ya sili na alumini. Mkwaruzo mmoja kwenye kiti chake ni njia mpya ya oili. Kwenye sili utaona namba tatu zimechapwa, kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Ukizisoma, huhitaji duka la Datsun. Maduka ya beringi huuza sili kwa vipimo. Beba ya zamani mfukoni vilevile, maana maandishi hufutika.

Sili mpya huingia na upande wenye springi ukiangalia ndani, kwenye oili. Paka grisi kidogo mdomoni, usiiingize kavu. Tafuta soketi kubwa au kipande cha bomba chenye upana karibu sawa na ukingo wa nje wa sili, ugonge polepole ukizunguka, ikae sawa pande zote. Ikiingia kiupande, itoe, tupa, weka nyingine.

Ikiwa kweli ni sili ya mbele

Umeshanusa, ni oili ya gia, inatoka kwenye belhausi, poda imethibitisha, na labda klachi imeanza kuteleza. Basi shusha.

Toa waya wa betri. Ndani ya gari toa mkono wa gia. Chini toa ekzosi ya mbele, propela, waya wa spidomita, nyaya za rivasi, stata. Silinda ndogo ya klachi ifungue na kuifunga pembeni kwa waya bila kukata mpira wake, nawe usikanyage pedali tena mpaka imerudi. Egemeza injini kwa jeki ya pili yenye kipande cha ubao juu yake chini ya sampu (beseni la oili la injini), kisha fungua maunti na krosimemba ya nyuma, yaani mpira na chuma vinavyobeba giaboksi, halafu bolti za belhausi. Giaboksi ina ziada ya kilo 30, na huvutwa moja kwa moja kwenda nyuma bila kuiachia ining'inie kwenye shafti yake, la sivyo utapinda sahani ya klachi. Tafuta mtu wa pili. Hapa sisemi "ikiwezekana".

Ndani ya belhausi toa uma wa klachi na beringi yake, utaona kifuniko cha mbele kilichozunguka shafti. Kifungue. Kama kuna shimu (kibati chembamba cha kujazia nafasi) nyuma yake, irudi ilivyokuwa na upande uleule. Badilisha sili na gasketi. Baadhi ya bolti za kifuniko hupenya hadi kwenye oili, kwa hiyo paka dawa ya nyuzi kwenye zote. Kuliacha hilo ndiko kulikofanya wengi waseme sili mpya ilikuwa mbovu. Wakati wa kurudisha kifuniko, zungushia tepu laini meno ya shafti ili yasikate mdomo wa sili, kisha itoe.

Ukiwa hapo, badilisha pia sili ya krankishafti na beringi ya klachi, na sahani ikiwa imenyonya oili. Sahani iliyolowa haioshwi. Watu huichoma kwa petroli ikaonekana safi, kisha inateleza wakikaribia mlima wa kwanza.

Kujaza

Datsun ilitaka oili ya gia ya daraja la GL-4, uzito wa 80W-90 au 90. Neno GL-4 ndilo la kushikilia. Dukani utapewa GL-5, kwa sababu difu za lori na pikapu zinaitaka na inauzika. Viungo vyake vikali vya kiberiti huweza kula pete za shaba zinazosaidia gia kuingia, na gia zitaanza kukwaruza. Kama Malindi hakuna, agiza Mombasa au Nairobi na usubiri siku mbili.

Gari likiwa sawa pande zote juu ya stendi, pampu oili kwenye tundu la ubavuni mpaka ianze kuchuruzika yenyewe. Giaboksi ya gia nne ya mwanzo huchukua karibu lita 1.5, nyingine hufika lita 2, lakini tundu ndilo linalosema mwisho. Kuzidisha ni kujitengenezea uvujaji mwingine.

Oili chafu usiimwage mchangani. Visima vyetu ni vya kina kifupi na mwamba wa matumbawe hupitisha kila kitu. Irudishe kwenye dumu ulilonunulia mpya. Garaji zinazokusanya zitaichukua.

Kujaribu

Safisha tena chini, paka poda tena. Nenda Gede urudi, mwendo wa kawaida, gia zote. Tazama ukiwa bado moto, kisha weka katoni usiku, gari likiwa limeegeshwa sehemu tambarare. Kesho yake kagua tena usawa wa oili kwa kidole kwenye tundu la kujazia, ukaze bolti za propela mara ya pili.

Tone moja au mawili siku ya kwanza huweza kuwa oili iliyobaki kwenye mikunjo ya mwili. Siku ya tatu tone likiendelea, chukua poda, rudi chini, uanze tena kufuata mstari kwenda juu. Na kama ua wako una mteremko kama wangu, geuza gari kwanza.